Kukubali si Kuamini: Imani ya Kikristo Kisarawe na Kibaha

Imani katika Ukristo ina sehemu tatu, ambazo walimu wa dini wamezipambanua kwa makini hasa tangu karne ya 16: kujua habari za Kristo, kukubali kwamba habari hizo ni za kweli, na kumkabidhi Kristo maisha. Mbili za kwanza zinaweza kupimwa kwa maswali na majibu. Ya tatu haipimiki hivyo, na ndiyo inayoleta ubishi. Mtu anaweza kuijua Biblia kutoka Mwanzo hadi Ufunuo, akawa hana shaka yoyote kwamba Yesu alizaliwa, akafa na akafufuka, na bado, kwa mafundisho yenyewe ya Kikristo, asiwe mwamini. Waraka wa Yakobo, sura ya pili, unalisema jambo hili kwa ukali: hata mashetani wanakubali kwamba Mungu ni mmoja, na faida pekee wanayoipata ni kutetemeka.

Agano Jipya lina mifano mingine ya namna hiyo. Katika Matendo ya Mitume, Simoni mchawi wa Samaria anaamini, anabatizwa na kuandamana na Filipo kila aendako. Baadaye anatoa fedha ili auziwe uwezo wa Roho Mtakatifu, na Petro anamwambia kwamba moyo wake haujanyooka. Katika kitabu hichohicho Mfalme Agripa anamsikiliza Paulo, na Paulo hana wasiwasi kwamba mfalme anawaamini manabii. Agripa anaondoka na elimu yake, na mambo yanaishia hapo. Simoni alikuwa na ubatizo, Agripa alikuwa na elimu. Wote wawili walikosa kitu kilekile.

Ni sehemu chache za Tanzania ambako tofauti hii hujionyesha waziwazi kama Kisarawe na Kibaha, katika Mkoa wa Pwani, nje kidogo ya Dar es Salaam. Hii ni nchi ya Wazaramo, na kwa upande wa Kibaha ni ya Wakwere pia. Ni nchi ambayo Uislamu uliota mizizi kabla kanisa halijafika. Kabla ya hapo watu walimjua Mungu kama muumba aliye mbali, asiyesumbuliwa kwa mambo ya kila siku. Mvua, mavuno na uzazi vilipelekwa kwa wahenga kwa njia ya matambiko, na mambo yakizidi uzito, ujumbe ulitumwa hadi milima ya Uluguru kwa mzimu wa Kolelo. Uislamu ulipoingia ulileta Mungu mmoja mwenye sheria, kitabu na siku ya hukumu, na ukamleta pia Isa bin Maryamu, mtume aliyezaliwa na bikira na kufanya miujiza kwa idhini ya Mungu. Mhubiri wa Kikristo aliyefika Uzaramo, basi, hakuwa na kazi ya kumshawishi mtu yeyote kwamba Mungu yupo, wala kwamba Yesu ni mtu mkubwa. Hadi leo mzee Mwislamu wa Maneromango, wilayani Kisarawe, anakubali kuhusu kuzaliwa kwa Yesu mambo ambayo Mzungu aliyebatizwa utotoni anaweza kuyacheka. Kilichobaki kati ya dini hizo mbili ni msalaba, ni nani Yesu hasa, na kama mwanadamu anaweza kuweka matumaini yake yote kwake. Kwa maneno mengine, kukubali kulikuwa kwingi mno Uzaramo tangu mwanzo. Swali lilikuwa ni kutumaini.

Wamisionari wa kwanza wa Kiprotestanti kutoka Ujerumani walianza kazi Dar es Salaam mwaka 1887, wakiongozwa na Johann Jakob Greiner. Mwaka 1892 Greiner alifungua kituo Kisarawe, mahali penye upepo na baridi kidogo kuliko mjini, akakipa jina la Kijerumani lenye maana ya Kilima cha Matumaini. Kituo cha Maneromango kilifuata mwaka 1895. Wakristo wa mwanzo wa Kisarawe wengi wao hawakuwa Wazaramo. Walikuwa watumwa waliokombolewa, waliotoka bara na kukabidhiwa kwa misheni kwa sababu hawakuwa na ukoo wa kurudia. Walipewa shamba, nyumba, mwalimu na kanuni za kituo. Kubatizwa kulikuwa sehemu ya maisha hayo mapya.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mtu asiye na ndugu wala ardhi, ambaye chakula chake kinategemea misheni, akikubali kubatizwa, anakubali nini hasa? Huenda amekutana na Kristo aliyemfungua kweli, maana habari ya ukombozi haikuwa fumbo kwa mtu aliyewahi kufungwa minyororo. Huenda pia ameona tu kwamba mlango wa kuishi unapita kanisani. Si rahisi kwa mtu wa nje kutofautisha mambo hayo mawili, na pengine hata yeye mwenyewe asingeweza. Wamisionari walijaribu kujilinda kwa kurefusha mafundisho ya ubatizo na kwa nidhamu: aliyelewa, aliyeoa mke wa pili au aliyerudi kwenye matambiko alitengwa na meza ya Bwana. Nidhamu hiyo ilipima mwenendo. Haikupima moyo, na kwa watu wanaokula kwa mkono wa mwenye kituo, ilifundisha wengine kuficha.

Shule zilileta sura nyingine ya jambo hilohilo. Misheni ya Kianglikana ya UMCA ilihamisha Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Zanzibar, hadi Minaki, jirani na Kisarawe, katika miaka ya 1920. Wakatoliki walijenga Pugu shule ya Mtakatifu Fransisko, ambako Julius Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955. Kwa miongo mingi mtoto wa Pwani aliyetaka ukarani au ualimu alipitia mikononi mwa padri au mchungaji, na jina la Kikristo lilipatikana pamoja na kalamu. Wapo waliopata imani humo, na wapo waliopata jina tu. Baada ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ilizichukua shule hizo, na kuanzia hapo mtoto aliweza kufika sekondari bila kuulizwa cheti cha ubatizo. Kwa kanisa lilikuwa pigo la mali. Kwa imani ilikuwa nafuu, kwa sababu sababu mojawapo kubwa ya kukubali bila kuamini ilikuwa imeondolewa.

Historia ya vilima hivi ina tukio moja linaloonyesha maana ya kutumaini kuliko mahubiri mengi, nalo halitoki kanisani. Mwaka 1905 habari za maji ya Kinjeketile, mganga wa Ngarambe, zilienea hadi Uzaramo, zikaungana na heshima ya zamani kwa Kolelo. Watu wengi walikuwa wamesikia kwamba maji hayo yanazigeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Wengi walikubali kwamba huenda ni kweli. Lakini kati ya aliyesema huenda ni kweli akabaki shambani, na aliyekunywa akasimama mbele ya bunduki, kuna umbali mkubwa sana. Huyu wa pili aliweka mwili wake juu ya neno aliloambiwa. Vita vya Maji Maji viliua watu kwa maelfu mengi, na tumaini lile halikuwaokoa. Hata hivyo umbo la tendo lenyewe ndilo ambalo Ukristo unalitaja unaposema imani: mtu kuegemeza uzito wake wote mahali pamoja, kiasi kwamba pakivunjika, naye ameanguka. Tofauti ya Mkristo na mpiganaji wa mwaka 1905 iko katika kile kinachoegemewa.

Kanisa lenyewe lilipata mtihani wake mwaka 1916. Waingereza waliiteka Dar es Salaam, wamisionari wa Kijerumani wakakamatwa na kuondolewa nchini. Mishahara ikakoma na vifaa vikakosekana. Sharika za Uzaramo zilibaki mikononi mwa walimu Waafrika, na aliyesimama mbele kuliko wote alikuwa Martin Ganisya, mtu aliyetoka upande wa Ziwa Nyasa na ambaye mwenyewe alikuwa amepitia utumwani kabla ya kufika misheni. Aliongoza ibada, akafundisha na kuwaweka waumini pamoja katika miaka ambayo hapakuwa na Mzungu wa kumlipa wala wa kumkagua. Yule mtumwa aliyekombolewa, ambaye mtu angeweza kumshuku kwamba alibatizwa kwa ajili ya shamba na chakula, ndiye aliyebaki shamba na chakula vilipokwisha. Wapo pia waliorudi walikotoka wakati huo, na wanaotajwa ni wachache kuliko walivyokuwa.

Kwa upande wa mafundisho, mgogoro mkubwa ulikuwa umetokea Ulaya katika karne ya 16, na ulihusu swali lililo rahisi kuuliza: je, imani isiyo hai ni imani? Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) linalishika hadi leo, linasema katika kifungu cha 20 kwamba imani inayohesabiwa mbele za Mungu haimaanishi kuijua historia ya Yesu tu, kwa kuwa waovu na shetani nao wanaijua. Katekisimo ya Heidelberg ya mwaka 1563 iliongeza kwamba imani ya kweli ina ujuzi ndani yake, na ina tumaini thabiti la moyo kwamba msamaha umetolewa kwangu pia, mimi mwenyewe, si kwa wengine tu. Kanisa Katoliki lilikuwa limeshawajibu Walutheri katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1547, kwa namna ambayo watu wengi hawaijui. Lilisema kwamba imani isiyo na upendo haimwunganishi mtu kikamilifu na Kristo, lakini halikukubali kusema kwamba mtu aliyepoteza neema kwa dhambi amepoteza na imani. Imani yake, kwa Mtaguso, imebaki imani, ila si hai. Kwa Mlutheri, hicho kilichobaki hakistahili tena kuitwa imani.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka mtu aitazame kanisani. Padri anayezungumza na mlevi aliyebatizwa anamwambia arudi kwenye kile ambacho bado anacho, afufue kilicholala. Mhubiri wa mkutano wa injili anamwambia mlevi huyohuyo kwamba hajawahi kuwa nacho. Kauli ya kwanza inaweza kumbembeleza mtu alale. Ya pili inaweza kumvunja moyo. Tarehe 31 Oktoba 1999 Wakatoliki na Walutheri walitia saini mjini Augsburg tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, wakakubaliana kwamba mtu anaokolewa kwa neema na kwamba matendo mema hufuata kama matunda. Mengi ya ugomvi wa zamani yalimalizwa hapo, ingawa si yote, na waumini wa kawaida wa Kisarawe hawakuambiwa mengi juu yake.

Kulikuwa pia na Wakristo waliotetea upande wa pili, kwamba kukubali kunatosha. Robert Sandeman wa Scotland, katika karne ya 18, alifundisha kwamba imani ni akili kukubali ukweli kuhusu Kristo, basi, bila kuongeza hisia wala jitihada ya moyo. Hoja yake si ya kipuuzi. Aliogopa kwamba mtu akidaiwa kitu zaidi ya kukubali, ataanza kujichunguza usiku na mchana, ataipima bidii ya moyo wake na kuitegemea hiyo badala ya Kristo. Fundisho lake halikuenea sana, lakini hofu yake ilikuwa na msingi, kama uamsho wa Afrika Mashariki ulivyokuja kuonyesha.

Uamsho huo ulianzia Gahini, Rwanda, na Uganda, baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Namirembe mwaka 1929. Katika miaka ya 1930 ulivuka kuja Kenya na Tanganyika, hasa kwa njia ya Bukoba. Wafuasi wake, walioitwa walokole, hawakuwahubiria wapagani kwanza. Waliwahubiria waliobatizwa: wazee wa kanisa, wainjilisti, hata wachungaji. Neno lao lilikuwa kwamba kanisa limejaa Wakristo wa jina, na kwamba kila mtu aungame dhambi zake hadharani kwa kuzitaja, arudishe alichoiba na apatane na aliyemkosea. Watu walirudisha majembe, sahani na fedha za serikali. Askofu Josiah Kibira wa Bukoba, aliyekuja kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977, alitoka katika mkondo huo na akauchunguza kitaalamu pia. Dar es Salaam na Pwani zilipata mkondo mwingine mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Edmund John, Mwanglikana asiye padri na ndugu wa Askofu Mkuu John Sepeku, alipoendesha huduma ya maombi na uponyaji hadi kifo chake mwaka 1975. Waliotaka kuombewa walidaiwa kwanza kutubu na kusalimisha hirizi na dawa.

Uamsho ulifanya kazi kubwa ya kulitaja tatizo kwa jina lake. Lakini nao wenyewe, baada ya kizazi kimoja, uliweza kugeuka mazoea. Ushuhuda wa kuokoka una mpangilio unaojulikana: nilikuwa mlevi, nilikuwa mwizi, siku fulani Bwana akanikuta, sasa nina amani. Mtoto aliyelelewa katika nyumba ya walokole anaweza kuusema bila kukosea, pamoja na mahali pa kunyamaza na mahali pa kulia. Anakuwa amekubali ushuhuda kama mwenzake wa kipaimara alivyokubali katekisimo. Hakuna lugha ya imani ambayo haiwezi kukaririwa.

Katekisimo nayo haistahili kudharauliwa. Katika KKKT kijana huhudhuria mafundisho ya kipaimara, kwa kawaida kwa miaka miwili, akijifunza Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529: Amri Kumi, Imani ya Mitume, Sala ya Bwana, ubatizo na Chakula cha Bwana, kila kimoja na maelezo yake. Siku ya kuulizwa maswali, mbele ya wazee wa kanisa na wazazi waliovaa vizuri, kijana husimama, mikono nyuma, na kumwaga jibu lote kwa pumzi moja kabla halijamponyoka. Katika maelezo ya sehemu ya tatu ya Imani anafika mahali ambapo Luther anakiri kwamba kwa akili na nguvu zake mwenyewe hawezi kumwamini Kristo, bali Roho Mtakatifu ndiye anayemwita. Mtoto anakariri kwa kichwa kwamba imani haitoki kichwani. Luther alijua anachofanya. Alitaka maneno yawe yamekaa tayari mtu atakapoyahitaji, pengine miaka 20 baadaye, wodini katika hospitali ya Tumbi, Kibaha, saa nane ya usiku.

Kibaha imeleta sura mpya. Mwaka 1963 nchi za Nordiki zilikubaliana na Tanganyika kujenga kituo cha elimu, afya na kilimo, ambacho kilikabidhiwa kwa serikali mwaka 1970 na kujulikana kama Shirika la Elimu Kibaha. Baadaye mji ukawa makao makuu ya mkoa. Watumishi wa serikali, walimu, wauguzi na wafanyabiashara kutoka Kilimanjaro, Kagera, Mbeya na kwingineko wameijaza Barabara ya Morogoro kutoka Kiluvya, Maili Moja na Tumbi hadi Visiga na Mlandizi. Wengi walifika wakiwa Wakristo tayari. Tofauti na Kisarawe ya Greiner, ambako Ukristo ulipaswa kuchaguliwa katikati ya majirani Waislamu, hapa ulikuja umefungashwa pamoja na vyombo vya nyumbani: cheti cha ubatizo, barua ya utambulisho kutoka usharika wa nyumbani, na kawaida ya kurudi Machame au Kibosho, Kilimanjaro, kila Desemba.

Ukristo wa namna hiyo una vipimo vyake. Kuna namba ya bahasha ya sadaka na ahadi ya mwaka. Kwa Wakatoliki kuna jumuiya ndogondogo, ambazo maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele katika miaka ya 1970, na Walutheri wana jumuiya za nyumba kwa nyumba. Mzee wa jumuiya anajua nani huja na nani huonekana pakiwa na msiba tu. Swali hulipuka mtu anapofariki. Familia inakuja ofisini kuomba mazishi ya kanisa, daftari linafunguliwa, na inaonekana marehemu hakuhudhuria jumuiya wala kutoa chochote kwa miaka. Hapo hutokea maneno makali. Ndugu wanasema alibatizwa na hakuwahi kuikana dini yake. Wazee wanasema hakuna anayemfahamu. Kila upande una kipimo cha nje, mmoja cheti na mwingine daftari, na marehemu hawezi kuulizwa.

Serikali kwa upande wake inatosheka na jina. Shahidi anayepanda kizimbani mahakamani hutaja umri na dini, hushika Biblia au Kurani na kuapa. Neno Mkristo linaingia kwenye kumbukumbu za kesi bila mtu kuuliza alisali lini mara ya mwisho. Sensa haijauliza dini ya mtu tangu ile ya mwaka 1967. Idadi za waumini zinazotajwa na makanisa, kwa hiyo, ni hesabu za waliobatizwa na walioandikwa, yaani hesabu za kukubali. Za kuamini hazipo.

Kipimo kinachowasumbua wachungaji wa Pwani kuliko vyote ni mganga. Mmarekani Lloyd Swantz, mmisionari wa Kilutheri, aliandika katika miaka ya 1970 utafiti mrefu kuhusu waganga miongoni mwa Wazaramo wa Dar es Salaam, na mkewe Marja-Liisa Swantz alichapisha mwaka 1970 utafiti wake kuhusu mila na alama za Wazaramo. Picha inayotoka katika kazi kama hizo inajulikana na kila mkazi: mteja wa mganga si mpagani wa kijijini. Ni mtu wa dini, mara nyingi mwenye elimu, anayekwenda kwa sababu mtoto haponi, mimba zinaharibika, biashara imekwama au kazini kuna fitina. Jumapili yuko kanisani na anaimba kwa moyo. Jumanne usiku anashuka kwenye bodaboda mita chache kabla ya kufika, akiwa amefunika kichwa.

Mtu huyo si mnafiki kama inavyosemwa haraka mimbarani. Anapoikiri Imani ya Mitume hasemi uongo. Anakubali kila neno. Tatizo ni kwamba katika ramani yake ya dunia, Mungu ameachiwa mbingu, ubatizo na mazishi, na homa ya mtoto imeachiwa mwingine. Ni mgawanyo uleule wa kale, wa Mungu aliye mbali na wahenga walio karibu, isipokuwa sasa Mungu aliye mbali anaitwa kwa jina la Yesu. Yule anayekubaliwa siku ya raha si lazima awe ndiye anayekimbiliwa siku ya shida, na wanateolojia wanaposema kutumaini wanazungumzia huyo wa siku ya shida.

Hoja hii ina mipaka, na mahubiri mengi huivuka. Kunywa dawa ya mitishamba si kuacha imani, kama vile kumeza vidonge vya hospitali si kuacha imani. Wala maombezi si kinga: mkutano unaouza mafuta na maji ya upako kwa bei iliyotajwa unaweza kuwa uganga uleule chini ya turubai, kwa kuwa mteja anakuja kununua matokeo. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakristo na Waislamu, mawaziri na wakulima, walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 cha Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa KKKT. Yeye alisema nguvu ni ya Mungu. Ni wangapi walimtumaini Mungu na ni wangapi walitumaini kikombe, foleni ile ya kilomita nyingi haikuweza kusema.

Kutumaini kupita kiasi bila kujua nako kuna hatari yake, na ndiyo maana sehemu mbili za kwanza za imani hazifutwi na ile ya tatu. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, wengi wakiwa watu waliodaiwa kufundishwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mhubiri aliyehusishwa na vifo hivyo alifikishwa mahakamani. Watu wale walikabidhi kila kitu: nyumba, shule, watoto, miili. Kama imani ingekuwa ni ukubwa wa kujitoa tu, wangekuwa vinara wake. Ukristo wa kihistoria unasema kinyume chake, kwamba tumaini linapimwa kwa yule anayetumainiwa, na kumjua huyo kunahitaji mafundisho, Maandiko na kanisa linaloweza kumuuliza mhubiri maswali.

Shaka, kwa upande wake, haimwondoi mtu katika imani. Injili ya Marko, sura ya tisa, ina baba mwenye mtoto mgonjwa anayekiri mbele ya Yesu kwamba anaamini na papo hapo anaomba asaidiwe kutoamini kwake, na mtoto anaponywa. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta zilizochapishwa mwaka 2007 zilionyesha miaka mingi ya giza ambamo hakuhisi uwepo wa Mungu, huku akiendelea kuamka alfajiri na kuhudumia wagonjwa. Anayekubali tu mara nyingi hana shaka yoyote, kwa kuwa hajaweka kitu chochote rehani. Shaka huwapata zaidi wale walioegemea.

Mwisho wa yote mjadala huu unarudi kwenye maji ya ubatizo, maana hapo makanisa yanalazimika kuamua. Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri na Wamoravian hubatiza watoto wachanga. Wanafundisha kwamba Mungu ndiye anayeanza, na kwamba imani ya mtoto itakua ndani ya nyumba na kanisa. Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato hudai mtu aamini kwanza, na wanaona ubatizo wa mtoto asiyejua lolote kuwa ni wazazi kukubali kwa niaba yake. Kwa hiyo mkazi wa Mlandizi aliyebatizwa Machame akiwa na miezi mitatu, akihamia kanisa la Kipentekoste, huzamishwa upya katika maji mengi. Akirudi KKKT habatizwi mara ya tatu. Hukutana na mchungaji, huungama, hupokelewa mbele ya usharika kuwa amerudi kundini, na cheti chake cha kwanza huendelea kutumika.